Wakala anamtaka mume wangu atoke bima ya umma Ujerumani aende binafsi, na sisi tuko Ujiji tunajiandaa kumfuata

Mama_Watatu_Ujiji

Habari za mwisho wa reli, wadau. Naomba wenye kuijua bima ya afya ya Ujerumani wanisaidie.

Mume wangu ni mhandisi Stuttgart, mwaka wa tatu sasa, yuko bima ya umma. Mshahara ulikuwa euro 71,000 kwa mwaka, kuanzia Aprili hii 2026 ni 80,000 kwa mwajiri yuleyule. Tangu hapo kuna wakala wa bima hamwachi apumue. Anamwambia kwenye umma anakatwa 648.09 kwa mwezi (kweli, karatasi ya mshahara inaonyesha hivyo, afya na uangalizi pamoja), wakati binafsi ni 520 tu na nusu analipa mwajiri. Ahame sasa hivi, umri usisogee.

Mimi na watoto tunasubiri viza. Wana miaka 9, 6 na 2. Wa kati ana selimundu, anahudhuria kliniki hapa hospitali ya Maweni. Wakala kasema kwenye fomu aandike "hakuna", eti ya Tanzania nani atayajua.

Je, ahame? Sisi tutaingiaje kwenye bima yake? Na mimi huku nianze kutafuta karatasi gani?

---

Hesabu_za_Gungu

Dada, tuanze na tarehe, maana hapo wakala ameshateleza. Mwajiriwa Ujerumani hawezi kutoka bima ya umma mpaka mshahara wake wa mwaka, kabla ya makato, uvuke kikomo cha serikali. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa 73,800, mwaka huu 2026 ni 77,400. Shemeji amekivuka, sawa. Ila anayekivuka katikati ya mwaka kwa mwajiri yuleyule hatoki siku hiyo. Anabaki umma hadi 31 Desemba, tena mshahara huo uwe unatarajiwa kuvuka na kikomo cha mwaka unaofuata. Kutoka 2025 kwenda 2026 kikomo kilipanda kwa 3,600. Kikipanda tena hivyo kitakuwa 81,000, na 80,000 ya shemeji itakuwa chini yake. Kwa hiyo hiyo "sasa hivi" haipo. Ingekuwepo kama angehamia mwajiri mwingine kwa mkataba unaoanza juu ya kikomo. Hapo angechagua tangu siku ya kwanza ya kazi.

Aangalie pia hiyo 80,000 imejengwa na nini. Kinachohesabiwa ni mshahara wa uhakika: wa mwezi mara 12, na bonasi ya Krismasi au ya likizo ikiwa mkataba unaiahidi. Ova-taimu na bonasi ya "tukifanya vizuri" hazihesabiwi. Kama 5,000 ni za namna hiyo, yeye ni mtu wa 75,000 na hajavuka chochote.

Sasa hiyo 648.09, maana imenishtua. Bima ya umma hukata asilimia, lakini mshahara unaokatwa unaishia 5,812.50 kwa mwezi. Ndiyo maana kupanda toka 71,000 kwenda 80,000 hakujamwongezea hata senti. Afya ni asilimia 14.6 pamoja na nyongeza ya mfuko wake wa bima, ambayo wastani wake mwaka huu ni 2.9. Jumla 17.5, nusu mwajiri, nusu yeye, sawa na 508.59. Inayobaki ni 139.50 ya bima ya uangalizi, ile ya wazee na wasiojiweza. Gawa utaona ni asilimia 2.4, na 2.4 ni kiwango cha mtu *asiye na mtoto*. Mwenye watoto watatu walio chini ya miaka 25 hukatwa 1.3, yaani 75.56. Mwajiri wake hajui kama ana watoto! Na kwa hesabu hii si lazima wawe Ujerumani. Wakiwa Ujiji ni wanawe vilevile. Apeleke vyeti vya kuzaliwa ofisi ya mishahara, 63.94 itabaki mfukoni kila mwezi kuanzia mwezi unaofuata.

Kwa hiyo bei yake halisi ya umma ni 584.15, na hiyo hiyo ndiyo itakayowabeba na ninyi wanne bila nyongeza.

Binafsi kila kichwa kina mkataba wake na ada yake. Nichukulie mfano ili uone hesabu inavyokwenda, bei halisi zitatofautiana: yeye 470 ya afya na 50 ya uangalizi, wewe 450 na 50, watoto 170 kila mmoja, uangalizi wao bure. Afya jumla 1,430, uangalizi 100. Mwajiri analipa nusu ya afya, lakini hazidishi 508.59 mwaka huu, na nusu ya uangalizi, 50. Kinachobaki kwa shemeji ni 971.41. Akiwa peke yake ni 260 tu, ndiyo namba wakala anayoimba. Mkifika, ni 971 badala ya 584, na bado sijagusa kiasi cha mwaka ambacho mteja hujibebea kabla bima haijaanza kulipa. Hicho mwajiri hachangii.

---

Kliniki_Mwandiga

Nijibu la selimundu peke yake, mengine wamo wenyewe.

Mfuko wa umma hauulizi maswali ya afya. Mtoto mwenye selimundu anaingia kama nduguze, dawa na kliniki zake zinalipwa kuanzia siku ya kwanza. Kampuni binafsi inauliza, na kwa selimundu nyingi hukataa moja kwa moja. Sheria inawalazimisha kumpokea kwenye kifurushi cha msingi tu, ambacho ada yake inaruhusiwa kufika hadi ile ya juu kabisa ya bima ya umma, 1,017.19 kwa mwezi mwaka huu, na huduma zake ni kama za umma tu. Yaani unalipia zaidi kupata kilekile.

Kuhusu kuandika "hakuna". Fomu kwa kawaida huuliza matibabu ya bila kulazwa ya miaka 3 iliyopita, kulazwa miaka 5, na afya ya akili miaka 5 hadi 10. Swali halisemi "matibabu ya Ujerumani". Kampuni ikigundua umeficha, ndani ya miaka 3 inaweza kujitoa kwenye mkataba au kupandisha ada. Ikithibitika ulidanganya kwa makusudi, ina hadi miaka 10. Na kugundua si kazi. Mtoto anapatwa na maumivu makali, anafika hospitali, daktari anauliza ameanza lini. Wewe mama utajibu ukweli, kwa sababu daktari anauhitaji ili amtibu. Anaandika: inajulikana tangu utotoni, alikuwa anatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu. Sentensi hiyo inaambatana na bili mpaka mezani kwa kampuni.

(Mtoto aliyebeba kinasaba kimoja tu, AS, si mgonjwa wa selimundu. Ikiwa hawa wengine wawili wamepimwa, karatasi iseme wazi AS au AA (hajabeba kabisa). Mhudumu wa bima asiyejua tofauti ataona neno "selimundu" na kufunga faili.)

Baba mwenyewe naye, hata kama hana ugonjwa anaoujua. Siku yoyote atakapofikiria binafsi, kwanza aombe mfuko wake umpe orodha ya matibabu yaliyolipiwa kwa jina lake, na nakala ya faili kwa kila daktari aliyemwona. Mle mara nyingi mna vitu mgonjwa hakuwahi kuambiwa: alikwenda kuomba siku mbili za mapumziko, kumbe limeandikwa tatizo la mgongo au msongo wa mawazo. Asipolijua hilo atajibu "hakuna" kwa nia njema na bado atashikwa nalo. Akishapata faili, dalali apeleke maswali kwenye kampuni kadhaa *bila jina*, aone nani anakubali, nani anaongeza ada. Asijaze maombi rasmi matatu kwa mpigo, maana fomu nyingi huuliza kama uliwahi kukataliwa kwingine.

Na kwa sisi wa ziwani: kichocho cha tumbo. Mtu wa Kibirizi au Ujiji anaweza kupimwa damu Ujerumani kwa jambo jingine, chembe fulani zikaonekana ziko juu, daktari akaandika "chanzo hakijajulikana". Uchunguzi ulioachwa wazi hivyo unachelewesha maombi kuliko ugonjwa wenyewe. Apime choo, ameze prazikwanteli kwa uzito wake, apime tena, apate barua kwamba imekwisha. Malaria ya kawaida iliyotibiwa kwa dawa mseto haisumbui, mradi imeandikwa tarehe, dawa na kwamba alipona.

---

Katubuka_Karatasi

Mwakeye, dada. Mimi nachukua swali la tatu, na la pili kidogo.

Akiwa umma, mke na watoto mnaingia kwa jina lake bila ada. Masharti: muwe mnaishi Ujerumani kweli, na kipato chako mwenyewe kisizidi 565 kwa mwezi (au 603 kama ni ile kazi ndogo yao ya mshahara mdogo). Watoto hadi miaka 18, na kama wanasoma hadi 25. Anajaza fomu ya familia ya mfuko wake, Krankenkasse wanavyouita, baada ya nyie kujiandikisha makazi manispaa. Bima inahesabiwa tangu siku mlipohamia, hata kadi zikichelewa wiki kadhaa. Mfuko utatoa barua ya kuonyesha kwa daktari. Kwa siku za safari na za mwanzo ubalozi Dar unaweza kutaka bima ya safari, kwa hiyo msikate tiketi bila kulijua hilo.

Akiwa binafsi na wewe huna kazi, mlango wa umma kwako umefungwa. Utaanza na maswali ya afya ukiwa na mabegi sebuleni. Na kuna mtego hapa ambao watu hawauoni: hata ukija kupata kazi na bima yako ya umma, watoto hawatakufuata bure ikiwa baba yuko binafsi, mshahara wake uko juu ya kikomo na anakuzidi kipato.

Karatasi za kutafuta sasa:

Vyeti vya kuzaliwa vya RITA, watoto wote watatu. Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali si cheti. Kama wa miaka 2 bado ana tangazo tu, nenda ofisi ya wilaya wiki hii. Halafu kaa chini, panga cheti, pasipoti na cheti cha ndoa mezani, soma majina herufi kwa herufi. Saidi na Said, Hawa na Hawwa, jina la babu lipo hapa halipo pale. Kwetu ni mtu yuleyule. Kwa karani wa Stuttgart ni watu wawili. Kurekebisha ukiwa hapa ni safari za kwenda ofisini, ukiwa kule ni miezi ya kuandikiana.

Cheti cha ndoa cha serikali. Kama mlifunga Kiislamu na mnacho cha msikitini peke yake, hakikisha ndoa imesajiliwa na mna cha RITA.

Kadi za kliniki, zile zile zilizochakaa pembeni. Toka 1 Machi 2020 Ujerumani ina sheria ya surua: mtoto wa chekechea au shule lazima aonyeshe dozi mbili. Kwetu hutolewa miezi 9 na miezi 18. Angalia dozi ya pili imeandikwa tarehe, si alama ya vema tu. Isiposomeka, omba kliniki waandike upya na wagonge mhuri.

Na ya yule mtoto wa kati: muhtasari wa daktari kutoka Maweni. Aina ya selimundu, majibu ya kipimo kilichothibitisha, ameongezewa damu mara ngapi na lini mara ya mwisho, kundi la damu, dawa na dozi kwa uzito wake wa sasa. Ukurasa mmoja unatosha. Huo si wa bima, ni wa daktari atakayempokea. Beba na dawa za kumfikisha miadi ya kwanza.

Tafsiri za Kijerumani zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Mtume shemeji picha kwanza, aulize ofisi ya mishahara na mfuko kama wanakubali nakala, ndipo mlipie tafsiri.

---

Mgebuka_Mkavu

Naona wote mmeishika bima ya umma mkono, nami niseme la upande wa pili, maana binafsi si utapeli. Kijana mmoja, mzima wa afya, mshahara juu sana ya kikomo, hana mpango wa familia kubwa: anapata miadi ya bingwa mapema, na huduma zilizoandikwa kwenye mkataba haziwezi kupunguzwa na bunge. Mkataba wa kawaida pia hulipia mwezi wa kwanza nje ya Ulaya, kwa hiyo likizo fupi ya Kigoma imo. Bima ya umma kwa kawaida haimlipi chochote akiugulia Tanzania.

Ila kwa kesi hii hata mimi nasema abaki. Ada ya binafsi haishuki mshahara ukishuka. Kiwango chake kinategemea umri wa kuingia, afya na kifurushi, si mshahara. Akiugua muda mrefu, baada ya wiki sita za mshahara wa mwajiri bima ya umma humpa hadi asilimia 70 ya mshahara unaohesabiwa. Binafsi lazima awe amenunua kifungu hicho pembeni. Na bili zinakuja kwake kwanza: daktari anatoza kwa vizidisho, mara 2.3 ya bei ya msingi ndiyo kawaida, hadi 3.5 akieleza sababu. Kifurushi rahisi kinachoishia 2.3 kinamwachia yeye tofauti.

Njia ya kurudi umma ipo ikiwa mshahara utashuka chini ya kikomo, lakini akishatimiza miaka 55 mlango huo kwa kawaida umefungwa. Na asidanganyike na fomu ya kuomba asirudishwe umma pale kikomo kinapompita: inaombwa ndani ya miezi 3, na ukishaisaini huifuti.

Kuna njia ya katikati ambayo wakala hajaitaja, sijui kwa nini (najua, kamisheni yake ni ndogo). Abaki umma, anunue nyongeza binafsi ya meno au ya chumba cha peke yake hospitalini. Maswali ya afya yapo pia, ila akikataliwa amekosa nyongeza tu, bima yake haijaguswa.

Kwa likizo za nyumbani anunue bima ya safari ya mwaka mzima. Nyingi zinahesabu siku kwa kila safari, 42 au 56; akikaa miezi mitatu Ujiji, siku za mwisho hazina bima. Aangalie neno la kusafirishwa mgonjwa: "inapohitajika kitabibu" ni finyu, "inapofaa kitabibu" ni pana zaidi. Kwa Kigoma hilo si pambo. Kinachoshinda Maweni kinapelekwa Bugando au Muhimbili, na ndege ya wagonjwa hailipiwi kwa mchango wa harambee.

Na risiti. Ya EFD ya duka la dawa ina TIN na kiasi, haina jina la mgonjwa wala ugonjwa, na kampuni ya Ujerumani itairudisha. Kabla ya kuondoka dirishani omba karatasi yenye nembo ya hospitali: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa, matibabu kwa siku, bei ya kila kitu, sahihi na mhuri. EFD uibanie nyuma.

---

Mama_Watatu_Ujiji

Asanteni sana, hiyo ya "asiye na mtoto" nimemtumia muda huu huu, ameangalia karatasi ya mshahara ni kweli kabisa. Wa mwisho ana tangazo tu, nakwenda wilayani kesho. Mawili tu: mama yangu ninayeishi naye anaweza kuingia? Na mume akikaa kimya tu, hao mfuko wenyewe hawatamtoa mwaka ukiisha?

---

Hesabu_za_Gungu

Mama haingii, si umma wala binafsi kwa jina la mkwe. Familia kwao ni mwenza na watoto. Yake ipangwe hapa hapa.

Kutolewa, hapana. Mwaka ukiisha na mshahara umevuka vikomo vyote viwili, mfuko utamwandikia barua kwamba sasa ana hiari, na kumpa wiki mbili za kutangaza kutoka. Asipojibu anaendelea kama mwanachama wa hiari, makato yaleyale, nyie mkiwa ndani. Baadaye akibadili mawazo anatoa notisi ya miezi miwili kamili, na notisi hiyo haishiki mpaka alete uthibitisho kwamba kampuni nyingine imeshampokea. Mwambie tu barua hiyo ikija asimpigie wakala kumuuliza maana yake.